Bastola niliyokaa nayo miezi kumi na sita

Babu yangu alikuwa na gobore. Kule Kilindi, mkoani Tanga, mahindi yakianza kubeba nyani hawakupi nafasi ya kukaa, na usiku nguruwe pori wanachukua zamu. Babu akitoka asubuhi na gobore begani alikatiza katikati ya kijiji, watoto tukimfuata nyuma hadi atufukuze. Watu walimsalimia kama siku zote. Waliozoea kumtania walimuuliza kama leo wangekula nyama au wangenusa baruti tu. Kibali chake cha polisi alikikunja ndani ya mfuko wa nailoni, lakini sikumbuki hata siku moja mtu akimwambia akitoe. Nyumbani gobore lilikaa darini chumbani kwake, na pembe ya baruti ilikaa kwa bibi, nyumba ya pili. Aliyetaka kulitumia alilazimika kupita kwa watu wawili. Hayo ndiyo mafunzo yote ya usalama wa bunduki niliyokuwa nayo nilipofika Marekani, na nilidhani yananitosha.

Tulihamia St. Paul, Minnesota, mwaka 2009, mimi na mke wangu na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, baada ya kupata bahati nasibu ya viza. Nikaingia kwenye boksi kama wenzangu: usiku nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mchana nalala. Kwa miaka kumi na moja bunduki kwangu ilikuwa habari ya kwenye televisheni.

Kisha ikaja Mei 2020. George Floyd, mtu Mweusi, aliuawa na polisi tarehe 25, ng'ambo ya mto, Minneapolis, na baada ya siku tatu moto ulikuwa umefika kwetu. Barabara ya University, tunakonunua dawa na mchele, maduka yalivunjwa na mengine yakaungua. Usiku ule tulizima taa, tukalala sote wanne chumba kimoja, maana binti yetu mdogo alikuwa ameshazaliwa. Mimi sikulala. Kupitia pazia nilimwona jirani yangu Mzungu, mtu mwema ambaye kila mwaka hutusaidia kuondoa theluji mlangoni, ametoa kiti barazani na kuketi, bunduki ndefu imelala mapajani. Gari la wanajeshi wa akiba likapita polepole. Mwanajeshi mmoja akampungia mkono. Jirani naye akapunga.

Nilisimama pale dirishani muda mrefu. Nilikuwa najiona mimi, kwenye baraza yangu, kiti kama kile, bunduki kama ile, gari lile lile likija. Mke wangu, niliyedhani amelala, akasema kutoka gizani, "Baba, usiwaze hata kuwaza."

Niliwaza. Mwaka ule maombi ya uhakiki wa wanunuzi wa bunduki nchini yalikaribia milioni 40, na risasi zenyewe zilikuwa hazipatikani madukani. Wengi walikuwa kama mimi, watu ambao hawajawahi kushika bunduki. Weusi walikuwa wengi miongoni mwetu, na wanawake pia. Nilijiambia kwamba polisi wakishindwa kufika tena kama walivyoshindwa usiku ule, wanangu hawatakuwa na mtu ila mimi.

Minnesota huwezi kutembea na bastola bila kibali. Hadi mwaka 2024 ilikuwa lazima uwe umetimiza miaka 21. Lazima usome kozi na kulenga shabaha mbele ya mwalimu, halafu upeleke maombi kwa sherifu wa kaunti yako, na ada yake haizidi dola 100. Kibali kinadumu miaka mitano. Septemba 2020 nikajiandikisha kozi ya Jumamosi moja. Tulikuwa watu kumi na wanane hivi. Weusi tulikuwa wawili: mimi na mama mmoja Mmarekani, muuguzi, umri wake unakaribia sitini, aliyekaa mstari wa mbele na daftari lake.

Mwalimu alikuwa Mzungu, askari mstaafu, na nasema kwa dhati kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Alitufundisha kanuni nne, akatulazimisha kuzirudia kwa sauti. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umeamua. Ijue shabaha yako na kilichoko nyuma yake. Nilizisikia kama sauti ya babu, ila kwa Kiingereza. Nikafurahi.

Mchana tukafika sehemu ya kusimamishwa na polisi barabarani. Mwalimu akasema sheria ya jimbo inakutaka useme kama una silaha pale unapoulizwa, lakini yeye anashauri useme mapema, kwa upole, mikono juu ya usukani. Akasema askari hupenda mtu mkweli. Watu wakaandika. Nami nikaandika.

Yule mama akanyosha mkono. Hakupandisha sauti. Alisema, "Philando alisema hivyo hivyo."

Ukumbi ulinyamaza. Sidhani kama kulikuwa na mtu asiyejua anamsema nani. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, mwendo wa dakika chache kutoka pale tulipokaa, Philando Castile alisimamishwa akiwa na mchumba wake na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 32, msimamizi wa chakula katika shule ya watoto hapa St. Paul, na alikuwa na kibali kama kile tulichokuwa tunakisomea. Alimwambia askari kwa heshima kabisa kwamba ana silaha. Askari akamfyatulia risasi saba. Juni 2017 mahakama ilimwachia huru askari huyo. NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki, ambacho siku zote husema kinamtetea raia anayefuata sheria, kilitoa tamko fupi ambalo hata jina la Castile halikuwamo.

Mwalimu alikaa kimya, kisha akasema lile lilikuwa jambo la kusikitisha, kisha akaendelea na ukurasa uliofuata. Simlaumu kwa kukosa jibu. Nadhani ndipo nilipoelewa kwamba kanuni zake nne zote zilihusu bunduki inaelekea wapi. Kwa mama yule, na kwangu mimi kuanzia saa ile, usalama ulianza kwingine: nani anakuona ukiwa nayo. Babu yangu hakuwahi kulijua swali hilo. Aliona nyani, akaona shabaha, akaona kilichoko nyuma yake. Kwamba kuna mtu anaweza kumwona yeye mwenyewe kuwa ndiye nyani, hilo halikuwamo katika mafunzo yake.

Samahani kwa neno hilo. Nimelifikiria mara nyingi kabla ya kuliandika, na nimeona nisilifute.

Baada ya kozi nilimfuata yule mama kwenye maegesho. Nilimwita "mama" kwa mazoea ya nyumbani, akacheka, akasema huko kwao Mississippi nako wanaita hivyo hivyo. Tukaongea saa nzima tumeegemea gari lake. Bunduki kwake haikuwa jambo geni. Babu yake alikuwa na moja nyuma ya mlango, kwa sababu wakati ule waliokuja usiku kuwachoma Weusi majumbani walikuwa wanajuana vizuri na sherifu. Akanieleza mambo ambayo mimi, pamoja na mtihani wangu wote wa uraia, sikuwa nimeyasikia. Kwamba mwaka 1865, watumwa wamekwisha kuachiwa huru, Mississippi ilitunga sheria ya kuwazuia kumiliki silaha bila ruhusa. Kwamba mwaka 1892 Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyepigana na mauaji ya kunyonga Weusi, aliandika kuwa bunduki inastahili mahali pa heshima katika kila nyumba ya Mweusi. Kwamba mwaka 1956, nyumba ya Martin Luther King ilipolipuliwa kule Montgomery, mchungaji yule aliomba kibali cha kubeba silaha na akanyimwa. Na kwamba mwaka 1967 wanaharakati Weusi wa Black Panther walipoingia na bunduki zao katika jengo la bunge la California, kwa njia halali kabisa wakati ule, jimbo lilipitisha haraka sheria ya kukataza kubeba silaha yenye risasi hadharani, na aliyeitia saini ni gavana Ronald Reagan.

Nikamuuliza: kwa hiyo hutaki sheria za bunduki? Akanitazama kama bibi anavyomtazama mtoto aliyeuliza kama jua linazama. Akasema anazitaka, tena kali. Kazi yake ni wodi ya dharura, na vijana wanaoletwa pale Jumamosi usiku ni watoto wa kanisani kwake. Anataka kila muuzaji amhakiki mnunuzi, anataka bunduki zifungiwe, anataka mtu aliyetishia kumuua mkewe anyang'anywe silaha. Lakini pia bunduki yake hamwachii mtu, kwa sababu anajua sheria ikishaandikwa, huanza kutekelezwa mtaani kwake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2023, taasisi ya Pew ilichapisha utafiti wake, na nilipousoma nilimwona yeye ndani ya tarakimu. Wazungu 38 katika kila 100 walisema wanamiliki bunduki, Weusi 24, Walatino 20, Waasia 10. Lakini walipoulizwa kama sheria ziwe kali zaidi, Weusi 77 walisema ndiyo, Waasia 74, Walatino 68, na Wazungu 51. Watu husoma tarakimu hizo wakadhani kuna kambi mbili, wenye bunduki na wasionazo. Mimi nimekaa kwenye maegesho na mtu aliyekuwa kambi zote mbili kwa wakati mmoja, na alikuwa na akili timamu kuliko wote niliowasikia wakibishana kwenye televisheni.

Novemba nilinunua bastola. Nilinunua pia sefu ndogo inayofunguka kwa alama ya kidole, nikaifunga kwa skrubu kwenye sakafu kando ya kitanda. Mke wangu aliitazama siku ya kwanza, akauliza inamlinda nani, kisha hakuizungumzia tena. Kukaa kwake kimya kuliniumiza kuliko maneno.

Kazini nilikuwa nahudumia mzee mmoja Mzungu, mkulima wa zamani wa magharibi mwa jimbo. Nilimwita "mzee", nilimfasiria maana yake akaipenda, akawa hataki niite jina lake. Kila Novemba alikuwa hatulii, kwa sababu ni msimu wa kuwinda kulungu, na tangu ana miaka kumi na miwili hakuwahi kuukosa. Nilimhadithia gobore la babu na pembe ya baruti iliyokaa kwa bibi. Alinifanya nirudie habari ya ile pembe mara mbili.

Usiku mmoja, saa tisa, akaniambia kwa nini. Mwanawe wa kiume alijiua kwenye banda la trekta, kwa bunduki ambayo mzee mwenyewe alimwachia kijana alipotimiza miaka kumi na sita. Bunduki ya urithi. Kabatini hapakuwa na kufuli, kwa sababu kwao kufunga kabati la bunduki ilikuwa kama kumwambia mwanao kwamba humwamini. "Maisha yangu yote nilihofia mtu wa nje," alisema. "Hakuja mtu wa nje."

Mimi kutoka kwetu sikuwa na habari hiyo. Nilidhani vifo vya bunduki Marekani ni vile vya kwenye taarifa: majambazi, shule, magenge. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Wengi mno wa hao ni wanaume Wazungu, na mashambani kama kwa yule mzee hali ni mbaya zaidi. Kwa vijana Weusi ni kinyume: kinachowamaliza ni mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukaa meza moja, wote wakasema "usalama wa bunduki", na mmoja akawa anamwona kijana aliyelala barabarani, mwingine anaona banda la trekta. Na wote wawili husema lile la mwenzake ni la kule kwao. Nimesikia Wazungu kazini wakisema Chicago ndiyo yenye shida. Nimesikia ndugu zetu Waafrika wakisema kujiua ni mambo ya Wazungu, na hilo la pili linanitia hofu zaidi, kwa sababu watoto wetu wanakulia hapa, na upweke wa hapa wanao.

Mzee alifariki 2021. Sijawahi kumhudumia mtu aliyenifundisha zaidi yake.

Baada ya yeye nilianza kuwauliza wazazi wa marafiki wa watoto wangu: je, kwenu mna bunduki, na imefungiwa? Madaktari wa watoto hapa huwahimiza wazazi waulize, kama wanavyouliza kuhusu mbwa au karanga. Ushauri mzuri. Ila jaribu kuuliza ukiwa na lafudhi yangu na rangi yangu, umesimama kwenye kizingiti cha mtu aliyekukaribisha kwa mara ya kwanza. Mama mmoja alinijibu kwa wema, akanionyesha hadi funguo. Mwingine uso ulimbadilika, akaniuliza kwa nini nataka kujua walichonacho ndani. Nilielewa alichokisikia. Hakumsikia baba. Alisikia mtu mweusi anayechunguza nyumba. Tangu siku hiyo swali hilo huuliza mke wangu, kwa simu, na huanza kwa kusema sisi wenyewe tunayo na imefungwa. Inasikitisha kwamba inafanya kazi.

Mambo ya michezo nayo. Mimi utoto wangu wote nilichonga bunduki za mgomba, tukapigana vita kuanzia Idi hadi Krismasi. Mwanangu alipotimiza miaka kumi na miwili, mjomba wake alimletea bastola ya plastiki ya kupiga maji. Niliichukua kabla hajaifungua boksi. Alilia, na mjomba alinuna. Sikuweza kumweleza mtoto kwa siku mbili, kisha nikamweleza: Tamir Rice, Cleveland, Novemba 2014, miaka kumi na miwili kama wewe, bustanini, akichezea bastola ya bandia. Gari la polisi lilipofika hazikupita sekunde mbili kabla hawajampiga risasi. Mwanangu aliuliza, "Kwani hawakumwambia aiweke chini?" Nikamwambia muda ule hautoshi kwa mtoto kuelewa sentensi. Kuna maneno baba hapaswi kumwambia mtoto wa miaka kumi na miwili, nami nimeyasema.

Januari 2022, siku ya baridi kali, nililala mchana baada ya zamu. Nikaamshwa na mlango wa nyuma. Mke kazini, watoto shuleni, hapapaswi kuwa na mtu. Kidole kilijua njia chenyewe. Sefu ikafunguka, na bastola ilikuwa mkononi kabla sijajua niko wapi. Nikafika juu ya ngazi. Nikasikia hatua, kisha kitu kizito kikatupwa sakafuni. Nikakumbuka kanuni ya nne: ijue shabaha yako. Nikainama kutazama. Niliona viatu vya theluji, vile vya buluu nilivyomnunulia mwanangu mwenyewe. Shule ilikuwa imewarudisha mapema kwa hitilafu ya joto, na ujumbe ulikuwa kwenye simu yangu niliyoizima ili nilale.

Hakuniona. Nilirudi chumbani, nikaifungia, nikakaa sakafuni nimeegemea kitanda. Aliniita, "Baba, umeamka?" Sikuwa na sauti ya kumjibu.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Februari, polisi wa Minneapolis waliingia alfajiri bila kubisha katika ghorofa moja. Amir Locke, miaka 22, alikuwa amelala kwenye kochi chini ya blanketi, bastola yake halali mkononi mwake alipozinduka. Jina lake halikuwamo kwenye hati ya upekuzi. Tangu mlango ulipofunguliwa hazikupita sekunde kumi kabla hawajampiga risasi na kumuua. Hakuna aliyeshtakiwa. Nilipoitazama video ile sikumwona kijana wa Minneapolis. Nilijiona mimi juu ya ngazi, nusu usingizini, na mlangoni si viatu vya buluu tena.

Machi niliirudisha dukani. Walinipa pesa kidogo, sikubishana. Mke wangu alipika pilau siku hiyo bila kusema kwa nini. Nilipompigia simu yule mama muuguzi kumwambia, nilitegemea angeniona mwoga. Akasema yake inabaki, na kwamba uamuzi wangu nao ni wa mtu aliyehesabu. Hatujakubaliana mpaka leo, na kila mwezi tunaongea.

Kibali changu kiliisha 2025, sikukihuisha. Mwaka huo huo mwanangu alitimiza kumi na saba, akaanza kuendesha gari. Nimemnunulia kibana cha kushikilia leseni pale juu ya kioo cha mbele, ili asiingize mkono mfukoni akisimamishwa. Juzi, tukiwa garini, akaniuliza kama akifika umri nitamruhusu asome kozi kama niliyosoma mimi. Nilikaa na swali lile kutoka barabara ya Snelling hadi nyumbani. Jioni nikampigia yule mama. Jumamosi tunakwenda kwake kula chakula cha mchana, na nimemwomba asianze na bunduki, aanze na babu yake na ule mlango.